Gwaride la Chupa Tano

Wafu walikuwa watano, na wote walikuwa wameuguzwa na mwanamke mmoja. Kwa mwendesha mashtaka wa Glasgow jambo hilo lilitosha. Jumatatu jioni alimwambia Sajenti Dugald Tennant, huku akifunga mkoba wake, kwamba Jumamosi saa sita mchana angetia saini hati ya mashtaka. Nesi Effie Lamont, aliyekuwa tayari mahabusu, angepandishwa kizimbani kwa kuua kwa sumu, na adhabu ya kosa hilo kila mtu aliijua. Ilikuwa kamba.

Tennant hakubisha. Hakuwa mtu wa kubisha; alikuwa mtu wa kuuliza, tena kuuliza mpaka anayeulizwa atamani kuruka dirishani. Jumanne saa mbili asubuhi alikuwa amekwisha keti katika wodi namba sita ya Hospitali ya Craigmuir, daftari gotini, pua ikimwasha kwa harufu ya lami.

Harufu hiyo ilikuwa ya kaboliki, na mwenye kuileta alikuwa Daktari Ninian Orr, mwembamba, wa miaka thelathini, vidole vimebabuka na kuwa vyeupe. Orr alikuwa mfuasi wa profesa mmoja wa chuo kikuu cha hapo hapo mjini, aliyefundisha kwamba kidonda hakiozi kwa sababu ya hewa mbaya, bali kwa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoingia kwenye nyama na kuzaliana. Kaboliki iliviua. Basi katika wodi ya Orr kila kitu kilichovywa humo: visu, nyuzi, bandeji, sifongo na mikono ya watu.

"Niorodheshee tena kila aliyewagusa marehemu," Tennant alisema.

"Nilikuorodheshea jana, Sajenti."

"Nina kichwa kibovu, Daktari. Nisaidie."

"Mimi na Effie. Basi. Wagonjwa ambao mfupa umevunjika na kutoboa ngozi siwaachii manesi wengine. Effie anajua kunawa. Wengine wanalowesha kucha tu, kama paka."

"Tangu Machi umewapokea wangapi wa namna hiyo?"

"Tisa. Watano wamekufa, donda limeoza na homa imepanda. Watatu wamekwenda nyumbani kwa miguu yao. Wa tisa ni yule pale, Jessie McGlashan, msokota nyuzi. Mashine ilimvunja mkono wiki iliyopita."

"Na wale watatu waliopona, nani aliwahudumia?"

"Mimi na Effie."

Tennant aliandika, akautazama ukurasa wake. "Basi muuaji wetu ana huruma ya ajabu. Watano anawaua, watatu anawaaga mlangoni."

Kutoka kitandani, Jessie McGlashan aliyekuwa akisikiliza bila aibu yoyote alipaza sauti. "Afande! Mrudishe Effie. Huyu daktari wetu ni mtu mwema lakini ananifunga bandeji kama anafunga mzigo wa makaa."

"Humwogopi, mama? Watu wanasema anawatia sumu."

"Watu wanasema! Watu walisema mume wangu atarudi kutoka Greenock. Mwaka wa sita huu."

Sumu yenyewe ilikuwa na kisa chake. Askari walipopekua chumba cha Effie walikuta chupa ya kaboliki chini ya kitanda, na kaboliki ukiinywa inaua kweli. Lakini Tennant alikwenda mwenyewe kwenye jengo alikokaa Effie, akapanda ngazi zake zote na kugonga kila mlango. Aliambiwa jambo lile lile na wanawake saba. Zamu ya kuosha ngazi ilipomfikia, Effie alimwaga tone la kaboliki kwenye mtaro wa uani, kwa kuwa ulinuka na watoto walikuwa wakishikwa na homa. Yalikuwa mabaki ya wodini, ya kutupwa. Hakuwaambia polisi kwa sababu nesi aliyechukua hata tambara la hospitali alifukuzwa siku hiyo hiyo, na mama yake alimtegemea yeye. Alidhani watamwachia wenyewe. Wasio na hatia huwa na ujinga huo, wanangoja haki ije kuwachukua kama binamu aliyechelewa.

Kwa hiyo hoja ya sumu ilianguka. Lakini wafu walibaki watano, na mwendesha mashtaka alisema kwamba mjanja hakosi sumu nyingine.

Tennant aliondoka wodini akamfuata mtu ambaye hakuna aliyemhoji, maana hakuna aliyemwona kuwa ni mtu wa kuhojiwa. Tam Gourlay alikuwa mchukuzi wa wagonjwa Craigmuir kwa miaka thelathini. Alikuwa uani, amekaa juu ya machela yake, akila mkate wa shayiri na jibini.

"Mzee Tam, hawa watano uliwabeba?"

"Mara mbili mbili, afande. Kuingia wakiwa hai na kutoka wakiwa maiti."

"Mara mbili tu?"

Tam alitafuna, akafikiri. "Na ile ya Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

"Somo la mkubwa. Kila Jumatano Daktari Carstairs anafundisha wanafunzi kwenye ukumbi wa upasuaji. Mimi namletea mgonjwa mmoja kutoka kila wodi. Namchagua mzuri."

"Mzuri wa sura?"

"Wa sura!" Tam alicheka mpaka jibini ikampalia. "Mzuri wa jeraha, afande. Mfupa unaonekana, wanafunzi wa nyuma nao waone. Wale watano walikuwa wazuri sana, Mungu awarehemu."

"Na wale watatu waliopona?"

"Aa, wale walikuwa wabaya. Tundu dogo kama tundu la kifungo. Ningewapeleka, mkubwa angenitukana."

Tennant aliacha kuandika. "Effie alikwenda nao ukumbini?"

"Kila mara. Mkubwa hamtaki nesi mwingine kushika beseni. Wengine wanazimia."

Hapo ndipo uzi ulipofumuka. Effie hakuwa amewafuata waliokufa. Alipelekwa nao, kwa sababu alikuwa nesi hodari na wao walikuwa na majeraha makubwa. Mtu mwingine alikuwa kila mahali alipokuwa yeye. Tennant alipanda ngazi mbili mbili kurudi wodini.

"Daktari Orr, nilikuomba uniorodheshee kila aliyewagusa marehemu."

"Nami nilikuorodheshea."

"Daktari Carstairs je?"

Orr alimtazama kwa mshangao wa kweli, si wa kuigiza. "Mkubwa hagusi, Sajenti. Mkubwa anafundisha."

"Anafundisha kwa mdomo?"

Jessie McGlashan alijiinua juu ya mto ili asikose neno. Orr aliviangalia vidole vyake vyeupe, kisha akazungumza kwa sauti ndogo.

"Ana kijiti chake cha fedha. Anakiingiza kwenye jeraha, anapapasa vipande vya mfupa, anawaeleza wanafunzi anachosikia."

"Kijiti hicho kinachovywa kwenye kaboliki?"

"Nilimwomba. Mwaka jana, mara moja. Akasema kaboliki itakifanya cheusi. Wanafunzi wakacheka. Sikurudia."

"Kwa hiyo unaosha dunia nzima, unamwacha mkubwa."

"Wewe unaweza kumwambia mkuu wako wa polisi akanawe mikono?"

Jibu la swali hilo lilikuwa hapana, na Tennant alilijua. Ndivyo ilivyokuwa Craigmuir. Mkubwa alipopita, watu walisimama. Hakuna aliyemtaja kwenye orodha ya walioshika, kama vile mtu hamhesabu Mungu miongoni mwa waliohudhuria ibada. Hata Effie, ambaye shingo yake ilikuwa ikisubiri kamba, hakumtaja.

"Na kesho ni Jumatano," Tennant alisema. "Mzee Tam atamchukua nani?"

Wote wawili waligeuka wakamtazama Jessie McGlashan na mkono wake mzuri.

"Nini?" akauliza Jessie. "Mbona mnanitazama hivyo?"

*

Daktari Lachlan Carstairs aliwapokea ofisini kwake akiwa amevaa koti la upasuaji. Lilikuwa koti jeusi zamani. Sasa lilikuwa limekakamaa kwa damu ya miaka mingi hadi lingeweza kusimama peke yake. Mzee mwenyewe alikuwa mkubwa wa mwili, mcheshi, mwenye mikono myepesi, na wagonjwa wa zamani walimsimulia kwa machozi jinsi alivyokata mguu kwa dakika mbili kabla dawa ya usingizi haijaja.

"Vijidudu!" alisema alipokwisha kusikiliza. "Orr, mwanangu, nimekuambia, niletee mmoja tu. Nitampa kiti na kikombe cha chai. Miaka arobaini napasua watu, sijapata kukutana naye."

"Mimi sijui chochote kuhusu vijidudu, Bwana Daktari," Tennant alisema. "Nimelelewa kwa mama muuza maziwa, huko Ayrshire. Ninachojua ni kwamba ndoo moja chafu ilitosha kuharibu maziwa ya siku nzima, na ndoo hiyo haikuwa lazima inuke. Kwetu tulipotaka kuijua tulizipima zote."

"Unataka kunipima mimi?"

"Nataka gwaride, bwana. Shahidi akidai amemwona mwizi, tunawapanga watu mstari mmoja, yeye anachagua. Nami nataka kupanga chupa."

Macho ya mzee yaling'aa. Alikuwa mtu wa kiburi, lakini kiburi chake hakikuwa kimeua udadisi wake, na hilo ni la kumshukuru. "Endelea."

Chupa zingekuwa tano. Supu ya nyama ingechemshwa ndani yake mpaka itokote, zizibwe kwa pamba iliyookwa, zipoe. Kila moja ingeguswa mara moja na kitu kimoja, izibwe tena, ipigwe lakiri kwa mhuri wa polisi na kuandikwa namba tu. Maelezo ya namba yangekaa kwenye bahasha. Jumamosi asubuhi, mbele ya wanafunzi, Daktari Carstairs mwenyewe angezifungua bila kujua ipi ni ipi.

"Na somo langu la kesho?"

"Liwe Jumamosi, bwana. Mpaka hapo Jessie McGlashan asiguswe."

"Nikishinda?"

"Nitasimama mbele ya wanafunzi wako nikuombe radhi."

"Na Orr atanyamaza kuhusu lami yake mwaka mzima," alisema Carstairs, akacheka. Alichomoa kijiti kutoka mfuko wa kizibao. Kilikuwa na urefu wa shubiri, ncha yake mviringo, kinameremeta. "Hiki alinipa mwalimu wangu alipokuwa kitandani anakufa. Naye alipewa na wake. Kimepita kwenye mikono ya waungwana watatu, Sajenti, hakijawahi kumdhuru mtu." Akakipangusa kwenye ukosi wa koti lake, mbele na nyuma, kwa upole, kama afanyavyo kila Jumatano. Alasiri hiyo, supu ilipopoa, alikichovya katika chupa kwa mkono wake mwenyewe.

Orr alichovya kisu kilichotoka kwenye kaboliki. Chupa moja iliachwa bila kuguswa na chochote. Katika nyingine Tennant alitia kidole chake, kidole kilichokuwa kimeshika vitasa, daftari, mkate wa Tam Gourlay na pua yake mwenyewe.

Ya mwisho aliibeba ndani ya kikapu hadi mahabusu. Effie Lamont alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, macho makavu. Alisikiliza, akaomba beseni na kaboliki, akaanza kunawa. Alinawa viganja, vifundo, kucha moja moja, kisha akanawa tena. Askari wa zamu alipiga miayo.

"Dada, ni supu tu hiyo," alisema askari. "Si mtoto wa malkia."

"Kama wewe supu yako unaipika bila kunawa, namwonea huruma mkeo," akajibu Effie bila kugeuka. Alitia kidole ndani ya chupa, akakitoa, akamtazama Tennant. "Jessie anaendeleaje? Bandeji yake ibadilishwe kesho. Mwambie Daktari asikaze sana."

"Kwa nini hukuniambia kwamba Daktari Carstairs aliwagusa wote watano?"

Alikunja uso, akajaribu kulielewa swali. "Mkubwa?" alisema. "Lakini ulikuwa unauliza kuhusu watu."

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi wa upasuaji ulijaa mpaka ngazi za juu. Habari zilikuwa zimevuja, na wanafunzi walikuja wakitarajia kumwona polisi akiaibika. Katikati palikuwa na meza ya mbao, na juu yake Jessie McGlashan, mkono umefunikwa. Pembeni kwenye benchi zilipangwa chupa tano. Tam Gourlay alisimama mlangoni na machela, mdomo wazi.

Tennant alionyesha mihuri. Haikuwa imevunjwa. Aliweka bahasha mezani, akarudi nyuma hatua tatu. Saa ya ukutani ilimwambia kwamba zilibaki saa mbili kabla ya mwendesha mashtaka kuchukua kalamu.

Carstairs aliinua chupa ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. "Safi. Naona vidole vyangu upande wa pili." Akatoa pamba, akanusa. "Supu. Ningeinywa."

Ya pili ilikuwa na ukungu. Alipotoa pamba alirudisha kichwa nyuma, na wanafunzi wa mbele wakashika pua. "Imeoza," alisema.

Ya tatu, safi. Alitabasamu, akaanza kuufurahia mchezo, akatania kidogo kwamba mpishi wa hospitali aje ajifunze. Akaichukua ya nne.

Ya nne haikuwa na ukungu. Ilikuwa nzito, ya kijivu, na juu yake ulitanda utando. Alitoa pamba na harufu ikatoka, nayo ilikuwa harufu ambayo kila mtu mle ndani aliijua. Haikuwa harufu ya supu iliyochacha. Ilikuwa ya wodi za chini mwezi Agosti, ya bandeji zinazofunguliwa siku ya tano. Mwanafunzi mmoja alisema kwa sauti, "Ni ile ile."

Ya tano ilikuwa safi.

"Namba nne ndiyo mbaya kupita zote," Carstairs alisema. Sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha. "Namba mbili inafuata. Lete bahasha."

Aliifungua mwenyewe akasoma kwa sauti, kwa kuwa alikuwa amezoea kusoma kwa sauti mle ndani. "Moja, haikuguswa na kitu. Mbili, kidole cha Sajenti Tennant, bila kunawa. Tatu, kidole cha Nesi Lamont. Nne..." Akasimama. Akaisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaimaliza, maana hakuwa mwoga. "Nne, kijiti cha Daktari Carstairs. Tano, kisu cha Daktari Orr."

Macho ya wanafunzi yalimwacha polisi, yakamgeukia mzee.

"Kaboliki iliingia kwenye chupa ya nesi," mzee alisema. "Ndiyo iliyozuia."

"Ndiyo, bwana," Orr alijibu. Safari hii alirudia. "Ndiyo kazi yake. Ndiyo ninayokuomba tangu mwaka jana."

Carstairs alimgeukia Tennant. "Na supu ya kidole chako nayo imeoza, Sajenti. Wewe pia ni muuaji?"

"Ningekuwa, bwana, kama ningekuwa nakitia ndani ya watu."

Mtu mmoja juu alicheka, akanyamazishwa. Jessie McGlashan alivuta shuka mpaka kidevuni kwa mkono wake mzima. "Jamani," alisema, "kabla hamjaendelea na mazungumzo yenu, hicho kijiti kiko wapi sasa hivi?"

Mzee alikitoa mfukoni. Alikigeuza kwenye mwanga. Kilimeremeta kama siku zote, hakikuwa na doa. Akakiweka juu ya benchi, mbali na mgonjwa, akavua koti lake, akaliweka chini sakafuni. Bila koti alionekana mzee kweli.

Tennant alitoa karatasi aliyokuwa ameiandaa. Alijua kwamba chupa pekee hazingemtosha mwendesha mashtaka. Angeziita mchezo wa jikoni. Alihitaji mtu wa heshima aseme kwa maandishi kwamba aliwagusa marehemu wote watano walipokuwa hai. "Ni maelezo ya shahidi, bwana. Kwamba uliingiza kijiti hiki kwenye majeraha ya watu hawa watano, na kwamba hakikuoshwa."

"Nikitia saini, kitabu cha hospitali kitaandika nini juu yangu?"

"Sijui."

"Na sheria itanifanya nini?"

"Hakuna kifungu, bwana. Nimetafuta."

"Hakuna kifungu," mzee alirudia. Alisoma majina matano, polepole, akiweka kidole chini ya kila moja. Halafu akatia saini, akaongeza tarehe, na chini yake akaandika kwa mkono wake: *Nesi alinawa. Mimi sikunawa.*

"Hii nitaipeleka mwenyewe," alisema.

Walikwenda kwa gari la farasi, yeye, Tennant na Orr. Mwendesha mashtaka aliisoma karatasi mara mbili, akamtazama Carstairs ambaye alikuwa akila naye kila mwezi, akairudisha kalamu mezani. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Tennant ndiye aliyetangulia mahabusu. Alimweleza Effie yote kwa maneno machache, chupa kwa chupa. Effie alisikiliza akiwa amesimama. Hakulia wala hakumshukuru Mungu kwa sauti. Aliuliza namba nne ilinuka vipi, na alipoambiwa alikaa kitako kwenye ubao, akataja majina ya wale watano mmoja mmoja, kwa jina la kwanza, kama alivyokuwa akiwaita wodini. Tennant, ambaye hakupenda kushikwa na huruma kazini, alishikwa nayo.

Kisha mlango ukafunguliwa na Daktari Carstairs akaingia, hana koti, kofia mkononi. Katika miaka kumi na sita aliyofanya kazi Craigmuir, Effie hakuwahi kusikia jina lake likitoka kwenye mdomo huo. Alikuwa "nesi", au "beseni".

"Bibi Lamont," mzee alisema. "Nimekuja kukuomba radhi." Akamnyooshea mkono.

Effie alisimama, kwa mazoea ya miaka. Aliutazama mkono ule, mkubwa, mzuri, umenyooshwa mbele yake. Askari wa zamu alitazama.

"Umenawa, Daktari?" Effie aliuliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza kila mtu aliyeingia wodi namba sita, isipokuwa mmoja.

Mzee alibaki na mkono hewani. Tennant alidhani atageuka aondoke. Badala yake aliushusha mkono, akamgeukia askari.

"Niletee beseni," alisema. "Na maji ya moto."

Yaliletwa. Alikunja mikono ya shati, akainama juu ya beseni la mahabusu, akaanza kunawa, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, Effie alisogea karibu akamwonyesha.